Kola ya Jaketi la Baba

Muthara,
Jumatatu, 7 Julai 2025

Kajuju wangu,

Muga. Pokea salamu zangu, wewe na Jamaldin, na mjukuu wangu Jamilah ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Mimi ni mzima, ila magoti yanakataa hii baridi. Ukungu wa mwaka huu umeamua kuishi na sisi. Asubuhi ng'ombe humuoni mpaka alie. Kifua cha mtoto kinaendeleaje? Bado anakohoa?

Naandika haraka, Winfred ananingoja dukani kwake atie hili gunia kwa gari la vifurushi. Simu yetu ni hiyo moja, na baba yako ameenda nayo Nchiru kwa kaka yako Mutwiri, kusimamia mafundi wa zile hosteli anazojenga. Winfred ana simu, lakini pia ana mdomo. Kwa hivyo ni barua, kama nilivyokuandikia ukiwa shule ya bweni.

Mdogo wako Maxine ameposwa. Watu wa kijana wanataka kuja Agosti. Wazee wamemwambia baba yako hawatapokea posa ya mdogo kabla shauri la mkubwa halijaisha, na wamempa siku: Jumamosi tarehe 26. Siku hiyo avae mbele yao lile jaketi la manyoya ambalo Jamaldin alimletea la posa, ndoa yako ikubaliwe, ama alirudishe na wewe uhesabiwe umerudi nyumbani. Miaka sita amelitundika msumarini kwa kile chumba chake cha nje. Halivai, halirudishi. Unakumbuka alivyosema siku walipolileta? Ati yeye, mzee wa kanisa, hawezi kuvaa godoro la Mwislamu.

Sasa, safari hii alisahau ufunguo wa chumba. Nikaingia. Nilikuwa na nia njema, Mungu ananiona. Jaketi lilinuka moshi, kola imekuwa nyeusi tititi kwa vumbi la miaka sita. Nikasema huyu mtu hata moyo ukimlainika, hawezi kuvaa kitu kichafu hivi mbele ya wazee. Nikalifua. Nililisugua kwa sabuni ya kipande na brashi, nikalikamua kama blanketi, nikalianika kwa waya. Kajuju, yale manyoya ya ndani yote yalishuka chini yakawa madonge, juu likabaki ngozi tupu! Na harufu ni ya kuku aliyemwagiwa maji moto. Jua hakuna. Nikalitundika jikoni juu ya moto, na kaa likaruka likatoboa mkono wa kushoto.

Nimelia. Wewe ndiye dobi, wewe ndiye unajua mambo ya majaketi. Nimelitia kwa gunia na hii barua. Litengeneze, lirudi kabla ya tarehe 24, siku anayorudi. Akilikuta hivi atasema hata Mungu amelikataa.

Mama yako,
Ntinyari


Dallas, Embu,
Jumatano, 9 Julai 2025

Mama,

Natumai magoti yamepata nafuu na maziwa hayajapungua kwa baridi. Sisi tu wazima. Jamilah ameacha kukohoa, anakusalimu, anauliza kama ng'ombe wako anauma.

Mama, umefanya nini? Barua yako nimeisoma nimesimama. Wewe unakumbuka maneno ya baba ya siku ile. Mimi nakumbuka ya Mzee Kaberia, mkubwa wa wazee. Alisema jaketi likivuka tena mlango wa mwoaji, binti amerudishwa. Hakusema likirudishwa na baba. Alisema likivuka. Na wewe umelitia kwa gunia, ukaandika jina langu, ukalituma Embu! Mutwiri akijua, au baba akijua, shauri limekwisha kabla wazee hawajaketi. Hapo mimi ni mke wa nani? Na Jamilah ni mtoto wa nani?

Tulia, bado halijavuka. Mungu alimtumia Ruguru. Ni yule mama anayepokea vifurushi hapa stendi, kati ya kwake na kwetu ni ploti moja tu. Alinipigia nikachukue mzigo. Nilifungua gunia hapo hapo kwake, nikaona ule mkono wa bluu, nikalifunga tena. Kibanda changu cha dobi kimeshikana na nyumba, mlango ni mmoja, kwa hivyo hata kibandani haliingii. Nimemwomba Ruguru uwanja wake wa nyuma. Nitalifulia huko, litaanikwa huko, litaondokea huko. Jamaldin nimemwambia. Amesema hatalikaribia, na kweli leo alipita kwa Ruguru akiangalia upande wa pili kama mtu anayepita kwa mkopeshaji.

Sasa nikuambie ukweli wa kazi. Jaketi la manyoya halisuguliwi kwa brashi. Sabuni ya kipande inaganda ndani, haitoki. Na halikamuliwi! Ukilikamua, nyuzi za ndani zinazogawa manyoya vyumba vyumba zinakatika, na ukilining'iniza likiwa na maji, uzito wote unashuka chini. Moto ndio usiseme, hiyo ni naironi, inayeyuka kama mshumaa. Sikulaumu. Hapana, nakulaumu kidogo.

Kesho nitaanza. Kwanza nitakagua, mifuko na mishono, ndiyo sheria yangu kabla maji hayajagusa kitu.

Mwanao,
Kajuju


Muthara,
Jumamosi, 12 Julai 2025

Kajuju,

Salamu. Mimi niko, ila usingizi ndio haupo. Natumai nyinyi mnalala.

Umenigombeza vizuri. Ni mimi nilikuzaa lakini leo umenifundisha kufua. Haya, dunia imegeuka. Mimi nilidhani neno la Mzee Kaberia lilikuwa juu ya mkono wa baba yako. Nilidhani jaketi kwenda kufuliwa si jaketi kurudi. Nani alijua nguo ina miguu ya kisheria?

Sasa kuna habari mbaya. Winfred ameongea. Jana Mutwiri alimpigia kuuliza bei ya misumari, naye kwa kujifanya mwema akamwambia, "Mama yako ametuma gunia kubwa Embu kwa Kajuju, kwani kuna nini?" Mutwiri si mjinga. Alinipigia kwa simu ya Winfred akaniuliza gunia la nini. Nikasema viazi. Mutwiri akasema, "Mama, viazi mwezi huu?"

Basi usikawie. Lifue mara moja ulitume, hata likiwa na unyevu nitalimalizia mimi hapa. Nitalirudisha msumarini na hakuna aliyeona. Naogopa, mwanangu. Baba yako si mtu wa kelele, lakini akishasema neno halirudi.

Mama


Dallas, Embu,
Jumanne, 15 Julai 2025

Mama,

Salamu nyingi. Hatujambo. Hapa pia ni manyunyu ya Julai, kamba zangu zote zimejaa nguo za watu na hakuna inayokauka.

Keti chini kabla hujasoma hii.

Sijalifua. Nimekaa nalo siku tano uwanjani kwa Ruguru na sijatia hata tone la maji, kwa sababu nimekagua, na nilichokiona sijui nikifanye nini.

Ulisema kola imekuwa nyeusi kwa vumbi. Mama, mimi nafua kola za watu kila siku, mwaka wa tano sasa. Vumbi hukaa juu, ukipangusa linatoka, na hata hiyo brashi yako ingelitoa. Hii ni jasho la shingo. Ni mafuta ya mwili, yameingia ndani ya kitambaa, yamekaa mahali shingo inapogusa na si kwingine. Jaketi la msumarini haliwezi kutoa jasho.

Nikaangalia mikono. Ndani ya lastiki, kule brashi yako haikufika, kuna nywele nyekundu fupi fupi. Ni za ng'ombe wako. Mkono wa kulia umepasuka karibu na kiwiko, na si leo, umeshashonwa. Umeshonwa kwa uzi wa gunia, mishono ya kukingamana, na mafundo mawili mwishoni. Unamjua nani anayeshona hivyo? Ni yeye anayeshona magunia yetu yote tangu nikiwa mtoto.

Halafu mfuko wa ndani, ule wenye zipu, ambao wewe hukuufungua. Kuna vijiti viwili vya miraa vilivyokauka, na chingamu imeyeyuka ikashika kitambaa. Chingamu ya pinki, ile anayotafuna na miraa akisema ni ya kutoa uchungu.

Baba amelivaa, Mama. Halikukaa msumarini. Amelivaa mpaka likapasuka, akalishona, akalivaa tena. Nafikiri ni alfajiri, akienda kukamua ng'ombe, wewe ukiwa bado umelala na ukungu ukiwa umefunika boma. Halafu akalirudisha kwa chumba chake na kufunga kwa ufunguo.

Nilikaa kwa beseni la Ruguru nikalia kama mtoto. Miaka sita nimejua baba yangu hataki hata harufu ya nyumba yangu. Kumbe kila asubuhi alikuwa ndani ya zawadi ya mume wangu.

Sasa niambie. Nikilifua, hii kola inakwisha. Nikiliacha, ndio ushahidi. Kwa neno la Mzee Kaberia mwenyewe, akishalivaa ndoa imekubaliwa. Nifanyeje?

Kajuju


Muthara,
Ijumaa, 18 Julai 2025

Kajuju,

Sina salamu ndefu leo. Niko mzima kwa hasira.

USIGUSE HIYO KOLA! Usitie maji, usitie sabuni, usipulize hata vumbi. Lilete vile lilivyo. Jumamosi tarehe 26 nitasimama mbele ya wazee, nilifungue kama kitabu, niwaambie wasome. Mtu huyu! Miaka sita naketi kanisani wanawake wakiniombea, ati "Mama Kajuju, Mungu amrudishe mtoto wako aliyepotea." Nainamisha kichwa. Namwomba kwa magoti niende Embu nimshike mjukuu, ananiambia hana mjukuu Embu. Na yeye asubuhi anajifunika joto la Embu, anatafuna miraa yake, amestarehe! Wueh. Nitamwaibisha mpaka akome.

Na sasa sikia lingine. Amerudi. Mutwiri alimwambia, naye hakungoja tarehe 24, alifika juzi jioni. Alienda moja kwa moja chumbani, akasimama mbele ya msumari. Mimi nilikuwa mlangoni. Akauliza, "Nani amelichukua?" Nikamwambia nimelipeleka kufuliwa. Akauliza, "Wapi?" Hakungoja jibu. Akasema, "Kama limelala Embu, limerudi. Sina tena la kuwajibu wazee." Halafu akatoka.

Nilidhani amefurahi kupata njia. Lakini jana asubuhi niliamka mapema nikamchungulia. Alienda kukamua na shati tupu. Alikuwa anatetemeka, anakohoa, ameshika ndoo kwa magoti. Koti lake la kanisa liko kabatini, hakulichukua. Sikumwonea huruma. Nilimwonea kidogo, halafu nikakumbuka kola.

Lilete chafu. Nimesema.

Mama


Dallas, Embu,
Jumanne, 22 Julai 2025

Mama yangu,

Natumai hasira imepoa kidogo na magoti pia. Baba anaendeleaje na kikohozi? Mpe maji ya tangawizi, usimwambie ni mimi.

Nimelifua. Kola pia.

Usirarue barua, soma mpaka mwisho. Barua yako nilipoipata Jumamosi nilikuwa upande wako. Nililikunja vile lilivyo, nikalitia kwenye mfuko, nikaandika jina. Nikaenda nyumbani nikiwa na furaha mbaya, unaijua, ile ya kumpata mtu. Nikamwambia Jamaldin yote. Alikuwa anakata nyama, akaweka kisu chini. Unajua alisema nini? "Kumbe lilimkaa?" Basi. Alitaka kujua kama mikono ilimtosha, maana siku analinunua hakujua kipimo, alijua tu kwamba mzee anaamkia ng'ombe kwa baridi. Nikamuuliza haoni ni ushahidi. Akasema, "Mimi sikumpa baba yako ushahidi. Nilimpa jaketi."

Hapo nia yangu ikageuka.

Mama, Jumamosi tarehe 26 ungemshinda baba, najua. Wazee wangecheka, Maxine angeolewa, mimi ningekubaliwa. Na Jumapili ungeamka na mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu. Unamjua. Angekubali kwa mdomo na kutuchukia mpaka kaburini. Mimi sitaki kukubaliwa kwa kola. Nataka alivae mwenyewe, au asilivae. Na tena, dobi anaona mengi kwenye nguo za watu, na kazi yangu ni kuyaacha kwenye maji. Nikianza na baba yangu, nitaishia wapi?

Kwa hivyo Jumamosi hiyo hiyo nilirudi kwa Ruguru nikaanza. Jamaldin alileta barafu kutoka friza ya buchari anakouza nyama, akaipitisha juu ya ukuta bila kuangalia. Nikaweka barafu kwa chingamu mpaka ikawa ngumu, ikabanduka. Kola nikaitia sabuni ya maji kidogo, nikaisugua kwa kidole tu, mara nne. Halafu jaketi zima kwa maji ya uvuguvugu, vijiko viwili vya sabuni, nikilikandamiza kwa viganja. Sabuni yako ya kipande ilitoka maji ya sita, Mama, ya sita! Sikulinyanyua kwa mabega, nililibeba kutoka chini kwa mikono miwili kama mtoto anayetolewa kwa beseni. Nikalizungushia taulo kavu, nikabonyeza. Sasa limelala juu ya neti iliyofungwa kwa viti vinne, chini ya paa la Ruguru, upepo unapita juu na chini. Kila saa naenda kuyatenganisha madonge kwa vidole, na kulipigapiga kama mtu anayempiga mtoto mgongoni acheue. Manyoya yameanza kufufuka. Kile kitobo cha moto nimekitia kiraka.

Lakini halijakauka. Upindo bado una ubaridi ukiushika. Leo ni Jumanne na manyunyu hayaishi. Najua unataka niliachilie leo. Sitaliachilia. Likifungwa na unyevu huo mdogo litaoza ndani na kunuka, na siku hiyo mbele ya wazee harufu ndiyo itakayojibu badala yake. Kama siku tatu hazitatosha, basi msumari utabaki mtupu Jumamosi na baba atasema anavyotaka. Naogopa kuliko wewe. Nimeshindwa hata kula.

Likikauka, Ruguru atalileta mwenyewe Ijumaa, kwa mfuko wa kitambaa, bila kulibana. Atampa baba mkononi na kumwambia halikuvuka mlango wetu. Wewe usiseme neno lolote la kola. Nakuomba, Mama. Hili moja tu.

Mwanao,
Kajuju


Muthara,
Jumapili, 27 Julai 2025

Kajuju,

Habari za huko. Huku tuko salama. Ng'ombe ana mimba. Kikohozi changu kinaisha, ile tangawizi ilikuwa kali na nilijua imetoka wapi.

Sijaandika barua tangu niache kazi ya karani wa chama cha maziwa, kwa hivyo usitafute makosa.

Yule mama Ruguru alifika Ijumaa saa kumi. Alikataa kumpa mama yako mfuko, akanipa mimi. Akasema, "Mzee, halijavuka mlango, mimi ni shahidi." Nikamshukuru, nikaenda chumbani, nikalitoa dirishani kwenye mwanga. Nilifungua mfuko wa ndani kwanza. Ulikuwa mtupu na safi. Halafu nikageuza kola.

Weusi wote ulikuwa umetoka. Mtu aliyeisafisha kola hiyo alijua. Na mama yako alikuwa uani, amekunja mikono, amefunga mdomo. Kwa miaka thelathini na nane sijawahi kumuona amefunga mdomo. Nikajua na yeye anajua. Mlikuwa mmenishika, wote wawili, na mkaniachilia.

Jana wazee waliketi. Mzee Kaberia akauliza jibu. Nikaenda ndani nikalivaa, nikatoka nikasimama mbele yao. Walipiga makofi. Kaberia akasema, "Haya, leo ndiyo mara ya kwanza, wote tumeona." Ningenyamaza hapo. Jaketi lilikuwa linang'aa kama la dukani, hakuna ambaye angejua. Mama yako aliangalia chini.

Nikasema si mara ya kwanza. Nikawaambia nimelivaa miaka minne, kila alfajiri, nikikamua. Mwaka wa kwanza nilikaa bila kuligusa. Wa pili niliingia chumbani siku moja ya baridi nikalijaribu tu. Nikawaambia ndoa hii niliikubali zamani nikiwa peke yangu zizini, nikakosa ujasiri wa kuikubali mchana. Kaberia alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Wengine hawakucheka. Kanisani leo nimeulizwa, na nimejibu vile vile.

Mama yako haniongeleshi tangu jana. Anasema alikuwa na maneno yake aliyoyatayarisha na nimemnyima nafasi. Atapoa.

Kiraka cha mkono wa kushoto nimekiona, ni kazi nzuri. Na mkono wa kulia nimeona umeuacha ule mshono wangu wa uzi wa gunia. Ungeweza kuufumua ukashona vizuri zaidi. Nimeona kwamba hukuufumua.

Njooni Jumapili ijayo. Jamaldin, wewe, na mtoto. Mwambie Jamaldin asilete kitu, mikono ilinitosha. Mtoto aje amevaa kitu kizito, huku ni baridi. Nataka kumshika mimi kabla ya mama yako.

Baba yako,
Muthamia

Wewe uje na chingamu. Ile ya mfukoni ulinitolea.